Mashimo ya baruti yamepanuliwa, tani za kinu zimeshuka

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kinu cha mgodi wa dhahabu wa shimo la wazi, Kanda ya Ziwa. Miezi minne iliyopita wenzetu wa uchimbaji walibadili mpangilio wa mashimo ya baruti, yaani nafasi kati ya safu na safu na kati ya shimo na shimo, kutoka mita 3.5 kwa 4 hadi mita 4.2 kwa 4.8, ili kubana gharama. Shimo ni lile lile la milimita 127, benchi (ngazi ya shimo inayolipuliwa) ni ile ile ya mita 10, na baruti ni emulsheni, ile ya uji mzito, kama zamani. Tangu hapo kinu chetu cha SAG, kinachosaga kwa mawe yenyewe pamoja na mipira ya chuma, kimeshuka kutoka tani 140 kwa saa hadi 122, wakati umeme kinaovuta haujapungua. Mkuu wa uchimbaji anasema kazi ya baruti ni kulegeza mwamba ili ekskaveta ipakie, basi. Yaliyobaki ni ya krasha, ile mashine ya kuponda mawe, na kinu. Ametuwekea hata hesabu ya Bond kuonyesha kwamba mawe kukua kutoka milimita 300 hadi 450 hakuongezi hata robo ya yuniti moja ya umeme kwa tani. Je, ni kweli? Na mimi nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu.

Hesabu ya mkuu wako haina kosa. Alichokosea ni kudhani kwamba inajibu swali lenu. Na wewe, kwa maelezo uliyonipa, una sababu nzuri ya kulalamika lakini bado huna ushahidi wa kusimama nao mbele ya meneja. Nitaanza na yeye, kisha nije kwako.

Fred Bond alikuwa mhandisi wa kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani, na kanuni yake aliichapisha mwaka 1952. Inasema hivi: umeme unaohitajika kusaga tani moja unategemea ugumu wa mwamba, pamoja na ukubwa wa mawe yanayoingia na yanayotoka. Ukubwa huo hupimwa kwa tundu la chekecheo ambalo asilimia 80 ya mzigo hupita. Lakini ukubwa hauingii kwenye hesabu jinsi ulivyo. Unachukua kipeuo chake cha pili kwa maikromita, halafu unagawanya 1 kwa hicho. Matokeo yake ni kwamba jiwe kubwa karibu halina uzito wowote kwenye hesabu. Chukua mwamba wenye namba ya ugumu 15, ambayo ni ya kawaida kwa mwamba mgumu. Mawe yakikua kutoka milimita 300 hadi 450, kanuni inadai nyongeza ya yuniti 0.05 kwa tani. Hiyo ni taa ya wati 50 iliyowaka saa moja. Kwa hesabu hiyo mkuu wako angeweza kupanua mashimo hata zaidi na alale usingizi.

Sasa angalia kinu. Hukutaja kinavuta kilowati ngapi, kwa hiyo nichukue 2,100 kwa mfano. Wewe weka namba yako. Kwa tani 140 kwa saa, kila tani ilikuwa inakula yuniti 15. Kwa tani 122 inakula yuniti 17.2. Nyongeza ni yuniti 2.2 kwa tani, zaidi ya mara 40 ya ile iliyotabiriwa. Hesabu ikikosea kwa mara 40, ama kuna kitu kingine kilichobadilika mgodini, ama hesabu imeulizwa swali lisilo lake. Kwenu naona yote mawili yanawezekana.

Kwanza hilo la swali lisilo lake. Milimita 450 za mkuu wako hazifiki kwenye kinu. Zinakutana na krasha ya kwanza. Krasha ina mwanya wake, tuseme milimita 130, na chochote kinachozidi hapo inakibana mpaka kipite. Jiwe la milimita 300 na jiwe la milimita 450 yote yatatoka chini ya krasha yakiwa karibu ukubwa mmoja. Ndiyo maana ukisimama kwenye mkanda unaoelekea kinuni ukaangalia mawe makubwa, huoni tofauti ya maana kati ya mlipuko mzuri na mbaya.

Lakini krasha hiyo hiyo haigusi kilicho kidogo kuliko mwanya wake. Changarawe na unga uliozaliwa na baruti unaporomoka katikati ya taya bila kuguswa, unapanda mkanda na kuingia kinuni. Na krasha ya kwanza yenyewe ni mtengenezaji duni wa unga. Inavunja jiwe vipande vichache, basi. Kwa hiyo ule mzigo wa chini ya milimita 10 au 12 unaoingia kwenye SAG kwa sehemu kubwa umetengenezwa na baruti. Hapa ndipo palipo na kiini cha jambo lako: krasha inafuta tofauti ya mawe makubwa na kuiacha tofauti ya mawe madogo. Mkuu wako amepima kile kinachofutwa.

Kwa nini mpangilio mpya upunguze unga? Rudi ndani ya shimo la baruti. Emulsheni inapolipuka, mlipuko unakimbia ndani ya shimo kwa mita 4,000 hadi 5,500 kwa sekunde, na ukuta wa shimo unapokea shinikizo lililo mara nyingi zaidi ya nguvu ya mwamba wowote. Mwamba ulio jirani kabisa na shimo huwezi kusema umepasuka, umesagika. Nje ya eneo hilo nyufa zinatawanyika kama miale ya jua. Wimbi likifika kwenye uso ulio wazi linarudi nyuma likiuvuta mwamba, na mwamba una tabia moja ambayo kila mlipuaji anapaswa kuijua kama jina lake: unavumilia sana kubanwa, hauvumilii kuvutwa. Nguvu yake ya kuvutwa huwa kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kubanwa. Mwisho gesi inaingia kwenye nyufa na kulisukuma lundo mbele.

Unga, basi, kwa sehemu kubwa unatoka kwenye kuta za mashimo. Shimo ni lile lile, baruti ni ile ile, kwa hiyo kila shimo linasaga kiasi kile kile cha mwamba kama zamani. Kilichobadilika ni tani ambazo shimo linazihudumia. Mita 3.5 kwa 4 kwa benchi ya mita 10 ni meta za ujazo 140, na kwa mwamba wenye uzito wa tani 2.7 kwa meta ya ujazo ni tani 378. Mita 4.2 kwa 4.8 ni tani 544. Mmepunguza mashimo kwa kila tani kwa karibu asilimia 30, na fungu la unga linalotoka kwenye kuta hizo limepungua kwa kiasi hicho hicho. Picha ya lundo haitakuonyesha, kwa sababu unga hujificha chini na katikati ya mawe. Hii ni kasoro ya programu zote za kupima mawe kwa picha: zinaona vizuri kilicho juu na kikubwa, kidogo zinakikisia. Hata kanuni ya Kuz-Ram ya kutabiri ukubwa wa mawe baada ya mlipuko, ambayo Claude Cunningham wa Afrika Kusini aliitoa mwaka 1983 na bado wapangaji wengi wa milipuko wanaitumia, inajulikana kwa kuukadiria unga chini ya uhalisia. Kama wenzako waliitumia kuhalalisha mpangilio mpya, waulize ilitabiri nini chini ya milimita 10.

Ndani ya SAG tofauti hiyo inakuwa kubwa kuliko unavyotarajia. Unga unaoingia unapita upesi, wakati mwingine bila kuguswa na mpira hata mmoja. Mawe makubwa yanajilipia, maana yanaporomoka na kuwasaga wenzao. Shida iko kwa wa katikati, mawe ya milimita 25 hadi 75 hivi. Ni makubwa mno mpira uyavunje kwa pigo moja, na ni madogo mno yenyewe kuwa nyundo. Yanazunguka tu, yanajaza kinu, yanakula umeme. Ukipunguza unga kwenye mzigo, nafasi yake inachukuliwa na mawe haya korofi. Kinu kinajaa, opereta anapunguza mzigo, tani zinashuka. Umeme haushuki, kwa kuwa kinu bado kimejaa. Dalili ulizoniandikia zinafanana sana na hili.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa jicho wala kwa chekecheo: nyufa ndogo ndani ya jiwe lenyewe. Kipande kilichokuwa karibu na shimo kinatoka kimepasukapasuka ndani, ijapokuwa nje ni kizima. Watafiti wawili wa Norway, Nielsen na Kristiansen, walionyesha kwa majaribio waliyoyachapisha mwaka 1996 kwamba mwamba uliolipuliwa kwa nguvu zaidi husagika kwa urahisi zaidi. Ukubwa wa faida hiyo hutofautiana mno kati ya mwamba na mwamba, lakini inagusa moja kwa moja hesabu ya mkuu wako. Yeye alibadilisha ukubwa wa mawe na kuiacha namba ya ugumu ilivyo, kana kwamba ugumu ni mali ya mwamba peke yake. Jiwe lililofika kinuni limeshapigwa mara moja, na kipigo hicho kimo ndani yake.

Na usikimbilie kupeleka sampuli maabara kwa kipimo cha Bond ukidhani kitakuokoa. Kipimo hicho huanza na mawe yaliyopondwa hadi chini ya milimita 3.35. Katika kuyaponda kufikia hapo, nyufa nyingi ulizotaka kuzipima zimekwisha kutumika. Kipimo cha kudondosha uzito juu ya vipande vikubwa kinafaa zaidi kwa swali lako.

Tuzungumze fedha, maana ndizo zilizoanzisha haya. Nikidhani mnaziba mita 3 za juu na kuchoronga mita 1 chini ya usawa wa benchi, kila shimo lina mita 8 za emulsheni, kama kilo 117. Mpangilio wa zamani ni kilo 0.31 kwa tani, mpya ni 0.21. Kwa kila tani mmeokoa kama gramu 94 za baruti, milimita 9 za uchorongaji, na sehemu ndogo ya fataki za kulipulia. Upande wa pili mnalipa yuniti 2.2 za umeme kwa tani. Weka bei za mikataba yenu pande zote mbili na uone. Nimeifanya hesabu hii kwenye migodi kadhaa, na mara nyingi umeme peke yake unakaribia kumeza akiba yote kabla hujagusa mipira ya chuma na bamba za ndani ya kinu.

Baruti ni nishati nafuu kuliko watu wanavyodhani. Emulsheni ina nishati ya megajuli 3 hivi kwa kilo, na yuniti moja ya umeme ni megajuli 3.6. Kilo 0.31 kwa tani ni robo ya yuniti. Robo yuniti kwenye shimo la baruti, yuniti 15 kwenye kinu! Mkuu wako amepunguza yuniti 0.08 kule ambako zinafanya kazi kubwa kuliko mahali popote.

Halafu kuna tani zilizokosekana, na hizi ndizo zitakazomwamsha meneja. Tani 18 kwa saa, kinu kikikimbia asilimia 92 ya muda, ni karibu tani 11,900 kwa mwezi. Kama mawe yenu yana gramu 2 kwa tani na mnapata asilimia 90 yake, hiyo ni zaidi ya kilo 21 za dhahabu kila mwezi. Uwe mkweli unapoitaja namba hii: dhahabu hiyo haijapotea, iko ardhini, imecheleweshwa. Lakini mishahara, kambi, ulinzi na mkopo wa benki havicheleweshwi, na mgodi una umri.

Mgodi wenu si wa kwanza kupita njia hii. Miaka ya 1990 kituo cha utafiti cha JKMRC cha Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilianza kuziunganisha kazi hizi mbili, mlipuko na kinu, kama kazi moja yenye mkoba mmoja. Mfano ambao mimi hupenda kuutoa ni Antamina, mgodi wa shaba na zinki kwenye milima ya Andes, Peru. Mwamba wao mgumu uliwabana kwenye takribani tani 2,750 kwa saa. Walipoongeza nguvu ya milipuko kwa kiasi kikubwa kwenye mwamba huo, na kurekebisha krasha na kinu kupokea mzigo mpya, walivuka tani 3,500. Taarifa zilizochapishwa na migodi mbalimbali zinataja ongezeko la kuanzia asilimia 5 hadi 30. Wa asilimia 5 ni wengi kuliko wa 30, na wanaopata karibu na sifuri kwa kawaida hawachapishi. Kwa hiyo usiahidi makubwa.

Sasa nije kwako, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nataka ushinde.

Miezi minne ni muda mrefu mgodini. Ndani ya miezi hiyo shimo limeshuka. Kwenye miamba yetu ya Kanda ya Ziwa, juu kuna mwamba ulioozeshwa na maji na jua, mwekundu na laini. Chini yake unakuja mwamba mbichi, na mahali pengine zile tabaka za chuma na silika ambazo huondoa makali ya kila biti. Mgodi ukivuka mpaka huo, kinu kitashuka tani hata kama mashimo yangeachwa kama yalivyokuwa. Je, unajua mzigo wa miezi hii minne umetoka benchi zipi? Mjiolojia wenu anajua. Muulize kabla ya kuandika barua yoyote.

Angalia pia nyumba yako mwenyewe. Bamba za ndani ya kinu zina saa ngapi? Mipira ya chuma iko asilimia ngapi ya ujazo, na lini mara ya mwisho mlisimamisha kinu mkaipima badala ya kukisia? Matundu ya kutolea mawe yamezibwa na vipande vya mipira? Na mwanya wa krasha? Hili la mwisho lina kidonda changu. Nikiwa kijana kwenye mgodi fulani nilimshambulia mlipuaji mzee kwa wiki nyingi kwa ajili ya mawe makubwa kwenye mkanda. Nilimwandikia, nilimsema kwenye vikao vya asubuhi mbele ya vijana wake. Siku tulipopima krasha kwa kudondosha kipande cha metali laini ya risasi kati ya taya, mwanya ulikuwa umeachia milimita 35 zaidi ya tulivyodhani, kwa sababu bamba zake zilikuwa zimelika na hakuna aliyezirekebisha. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, lakini ilichukua karibu mwaka mzima yeye na mimi kuweza kufanya kazi pamoja, na mwaka huo mgodi uliulipia. Pima mwanya wako wiki hii.

Ukishajiridhisha hapo, fanya jaribio. Usiombe mpangilio wa zamani urudishwe mgodi mzima. Omba eneo moja. Chagueni na mjiolojia benchi yenye mwamba wa aina moja, igawanywe nusu kwa nusu, nusu moja ichorongwe 3.5 kwa 4 na nyingine 4.2 kwa 4.8. Kila nusu ilishe kinu kwa siku kadhaa mfululizo, moja kwa moja kutoka shimoni bila kupitia lundo la akiba, maana lundo la akiba huchanganya mzigo wa leo na wa juzi na kuua jaribio zima. Kama lazima upitie kwenye lundo, lishushe kwanza mpaka chini. Katika siku hizo usibadilishe mipira, maji wala mwendo wa kinu.

Halafu simamisha mkanda. Najua watu wa uzalishaji watalia, lakini hakuna njia nyingine ya kuujua unga. Funga umeme wa mkanda kwa kufuli, kata mita 2 au 3 za mzigo, kusanya kila kitu hadi vumbi la mwisho kwa brashi, kisha chekecha. Fanya hivyo angalau mara tatu kwa kila nusu. Namba unayoitafuta ni asilimia inayopita kwenye milimita 10, na ile inayobaki kati ya 25 na 75. Andika pamoja nazo tani kwa saa, kilowati, mara ngapi nyundo ya kuvunjia mawe ilitumika kwenye mdomo wa krasha, na muda wa ekskaveta kujaza dampa moja. Hilo la mwisho ni la mkuu wako: lundo lililovunjika vizuri hupakiwa haraka, na hapo ataona faida inayoingia kwenye vitabu vyake mwenyewe.

Kuna marekebisho ambayo ningeyajaribu hata kabla ya kurudisha mashimo yote, na mengine hayagharimu baruti zaidi. Mita 3 za juu zilizozibwa ni karibu theluthi ya benchi yenu isiyo na baruti ndani yake. Mawe makubwa mengi yanayokwama kwenye krasha hutoka huko. Mlipoyatenga mashimo, sehemu hiyo ndiyo iliyoumia zaidi. Mlipuaji anaweza kufikiria kufupisha kizibo hadi mita 2.5, mradi azibe kwa kokoto safi za milimita 12 hivi, yaani kama sehemu moja ya kumi ya upana wa shimo, na si kwa vumbi la uchorongaji ambalo hurushwa juu kama kizibo cha chupa na kuachia gesi. Nasema anaweza kufikiria. Kizibo kifupi huongeza hatari ya mawe kuruka, na uamuzi huo ni wa mwenye cheti cha ulipuaji, anayejua umbali wa nyumba na watu. Wewe usimwagize.

Angalieni pia usahihi wa uchorongaji. Shimo lililopinda mita moja chini limeharibu mpangilio wowote uliochorwa ofisini. Na wakati wa masika, mashimo yenye maji: kina cha shimo kipimwe tena kabla ya kupakia, kwa sababu tope likijaa mita moja chini, mita hiyo haina baruti na sakafu itabaki na vinundu.

Mpangilio mmoja kwa mgodi mzima nauona ni uvivu, nisamehe neno hilo. Kwenye mwamba laini wa juu, 4.2 kwa 4.8 inawezekana kabisa inatosha, na mkuu wako yuko sahihi kuokoa baruti hapo. Kwenye taka zinazokwenda jalalani pia. Hakuna kinu kinachozingoja. Baruti iliyookolewa huko ipelekwe kwenye mwamba mgumu wenye dhahabu. Ukimpelekea pendekezo la namna hii, bajeti yake ya mwezi inaweza isiongezeke kabisa, na ndipo atakapokusikiliza.

Zaidi si bora siku zote, na ni haki nikuambie mipaka. Mlipuko mkali husogeza mawe ya dhahabu mita kadhaa kutoka pale mjiolojia alipoyachorea mipaka, na ukisaga taka badala ya dhahabu umepoteza zaidi ya ulichookoa. Kuta za shimo zinatikiswa, na ukuta uliochoka unaua watu. Nyumba za vijijini jirani zinapata nyufa na lawama. Mgodi unaomwagilia mawe dawa kwenye lundo badala ya kusaga hauutaki unga mwingi, kwa sababu unaziba njia za maji. Kinu kinachosaga kwa mawe peke yake bila mipira kinahitaji mawe makubwa na kitalegea ukiyamaliza. Na Mirerani, au kwenye mgodi wowote wa vito, baruti nyingi inavunja kile kile mlichokifuata.

Swali jingine la lazima: je, kinu ndicho kinachowabana? Kama matangi ya kuchenjulia au pampu ya marudio (tope la mabaki) ndiyo yenye kikomo, tani 140 za kinu hazitakuwa na pa kwenda. Kwa namba zako naona kinu ndicho, lakini lihakikishe.

Wachimbaji wadogo wanaosoma hapa wataniuliza kama haya yanawahusu. Kwa wenye makarasha Geita au Chunya, ndiyo, kwa namna yao. Jiwe la quartz lililolipuliwa kwa uangalifu ndani ya duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, linaokoa siku za kuponda kwa nyundo, na karasha inamaliza viroba vingi kwa zamu. Ila unga wenye dhahabu hubaki kwenye sakafu ya duara, kwa hiyo ufagieni. Na uonapo unga mkavu wa quartz ujue ni silika. Lowesheni mawe kabla ya kuponda, maana ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo hauna dawa ya kuuponya.

Nirudi kwako kwa jambo moja la mwisho. Siku ya kusimamisha mkanda, mwalike mkuu wa uchimbaji na mlipuaji wake waje wachekeche pamoja nanyi, mikono yao kwenye brashi. Halafu wewe uende shimoni siku ya kupakia baruti, usimame nao juani tangu asubuhi, uone wanavyohangaika na mashimo yaliyoporomoka na lori la emulsheni lililochelewa. Pendekezo la benchi ya majaribio liandikeni pamoja, likiwa na sahihi zenu wawili, na gharama ya baruti ya ziada iandikwe kwenye bajeti ya kinu, isiwe kwenye yake. Ukipata zile asilimia za chini ya milimita 10, niandikie nizione.